Natapika kila siku tangu nipunguzwe tumbo, na nyumbani hakuna anayejua

Barua hii ilinifikia jioni. Sehemu ya kwanza ya jibu nilimtumia mwenyewe usiku huo huo, maana haikuwa ya kungoja zamu ya safu. Naichapisha kwa idhini yake, kwa sababu najua hayuko peke yake Nairobi hii anayefungulia bomba la bafuni ili asisikike.

Mama, pokea salamu zangu.

Nina miaka 39, ni mama wa watoto wawili, naishi Donholm na nauza nafaka sokoni. Wiki kumi zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo katika hospitali moja ya kibinafsi hapa mjini. Si ule wa kunyonya mafuta. Ni ule wa kukata mfuko wenyewe wa chakula ukabaki mwembamba kama ndizi. Nilikuwa na kilo 124. Presha ilinianza nikiwa na miaka 34, na magoti yalinilemea hata kupanda hadi kwetu orofa ya nne nikawa napumzika mara mbili njiani. Nimejinyima chakula, nimekunywa majani ya kila aina, nimetembea alfajiri miezi mizima. Nilikuwa nikipunguza kilo nane zinarudi kumi. Bima ilikataa kulipa, ikasema hayo ni mambo ya urembo. Baba watoto akachukua mkopo wa sacco ambao tutaulipa miaka minne.

Mwezi wa kwanza ulienda sawa. Maji, supu iliyochujwa, uji mwepesi. Shida ilianza nilipofika kwenye vyakula laini. Nikimeza vijiko vitatu, kitu kinakwama hapa katikati ya kifua, mate yanajaa mdomoni, kisha kinarudi. Kwa sasa hata maji nikiyaharakisha yanarudi. Zinakaribia wiki tano natapika kila siku, siku nyingine mara nne.

Nyumbani nilisema ni operesheni ya henia. Mama mkwe amekuja kutoka mashambani kunisaidia na watoto, na kwake mtu aliyetoka hospitali lazima ale apate nguvu. Ananipakulia ugali na sukuma kisha anakaa mbele yangu. Namumunya tonge tano ili asiulize, halafu naingia bafuni nafungua bomba. Siku ambazo maji yamekatika namwaga ya dumu polepole ili sauti isikike ni ya mtu anayeoga. Baba watoto anajua upasuaji lakini hajui habari ya kutapika. Nitamwambiaje, na deni lile?

Nilipiga simu kwa daktari aliyenipasua, msaidizi wake akaniambia nitafune vizuri, na tangu hapo hawashiki simu. Nilienda kliniki ya hapa mtaani mara mbili, nikawaambia ni vidonda vya tumbo, wakanitundikia dripu ya glukosi. Mara ya pili nilirudi nyumbani nikiwa kama mlevi. Vitamini nilizoandikiwa nilimeza wiki nne hivi, nikaacha kwa sababu zilikuwa zikirudi zote na bei yake ni kubwa. Kichwa kikiuma nanunua diclofenac duka la dawa. Za presha naendelea nazo kama kawaida.

Nywele zinatoka. Juzi msusi alinionyesha kitana kilichojaa akaniuliza kama niko sawa. Kwenye chama wananong'ona. Mmoja alinishika mkono akaniambia kwa upole kwamba siku hizi dawa zipo na mtu anaishi. Nilielewa anamaanisha ugonjwa gani. Nililia hadi nikafika nyumbani.

Mengine ni madogo tu: miguu ina ganzi kuanzia vidoleni, nadhani ni kwa kukaa sana dukani, na jana nikivuka Outering Road niliona matatu mbili mbili nikashikwa mkono na kijana mmoja. Labda ni njaa.

Mama, nilifanya kosa? Haya ndiyo malipo ya kutaka njia ya mkato? Kuna usiku naomba nisiamke.

Niliyejiletea, Donholm.

*

Mwanangu,

Hayo uliyoyaita madogo ndiyo makubwa kuliko yote uliyoandika. Weka simu chini, mwamshe baba watoto, mwende hospitali usiku huu. Asubuhi ni mbali. Msiende kliniki ya mtaani. Nendeni kwenye idara ya dharura ya hospitali kubwa. Kenyatta iko wazi saa 24.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kabla ya kuanza kuandika, kwa hiyo nieleze kwa nini. Mwili una akiba ndogo sana ya vitamini B1, ile inayoitwa thiamini. Ni ya wiki mbili, tatu hivi. Wewe umetapika wiki tano na hujameza vitamini karibu wiki sita. Akiba hiyo imekwisha. Neva za miguu huanza kulalamika kwa ganzi, kisha macho yanaona mbili, kisha mtu anayumba akitembea, anachanganyikiwa, anasahau. Ikipatikana mapema, inatibika vizuri. Ikicheleweshwa, kumbukumbu inaweza kuharibika isirudi tena. Na jambo ambalo kliniki yenu haikulijua, kwa sababu hukuwaambia: mwili unatumia thiamini kuunguza sukari. Ukimtundikia glukosi mtu ambaye thiamini imemwishia, unamaliza hata yale mabaki. Ule ulevi uliorudi nao nyumbani siku ya dripu ya pili haukuwa uchovu tu.

Andika maneno haya kwenye karatasi, au baba watoto ayaandike, mumpe mtu wa kwanza mwenye koti jeupe:

"Nilipunguzwa tumbo wiki 10 zilizopita. Nimetapika kila siku kwa karibu wiki tano. Sijameza vitamini kwa wiki sita. Miguu ina ganzi na naona vitu viwili viwili. Naomba nipewe thiamini kwa mshipa kabla ya glukosi. Nameza dawa za presha na nimekuwa nikitumia diclofenac."

Usione haya kuyasoma kwa sauti. Zamu ya usiku ina wagonjwa wengi, na mwenye kusema "natapika" tu ataambiwa akae kwenye benchi. Mwenye karatasi hiyo hakalishwi. Na kama hofu ni pesa, Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Deni litazungumzwa baadaye.

Hapo ndipo nilipomwachia usiku ule. Haya mengine ni ya kusoma akiwa kitandani.

Umeuliza kama ulifanya kosa. La. Unene wa kiwango chako, wenye presha na magoti yaliyochoka, ni ugonjwa, na upasuaji ni tiba yake mojawapo. Mtu anayekatwa kiasi cha robo tatu au zaidi ya mfuko wake wa chakula, akaishi kwa vijiko miezi mizima, simwiti mtu wa njia ya mkato. Kilichokosewa ni kingine: ulipasuliwa ukaachwa peke yako. Upasuaji huu wenyewe ni saa moja, mbili. Kazi ni miezi inayofuata, na kwenye miezi hiyo ulistahili mtaalamu wa lishe, vipimo vya damu, na namba ya simu inayoshikwa. "Tafuna vizuri" si jibu kwa mtu ambaye maji yanamrudi.

Maji yakirudi, si suala la kutafuna tena. Mara nyingi ile ndizi uliyoisema imejibana mahali, hasa pale inapopinda. Daktari anapitisha kamera kooni, akiona pamebana anapatanua kwa kiputo kidogo kinachojazwa hewa au maji pale pale. Wengine huhitaji kurudiwa mara mbili tatu, lakini mtu anaamka anakunywa maji. Inaweza pia kuwa kidonda, na hiyo diclofenac yako ndiyo mbolea yake. Achana nayo kabisa, pamoja na ibuprofen na aspirin, si kwa mwezi huu tu. Kichwa kikiuma uliza kuhusu paracetamol. Inaweza kuwa vijiwe vya nyongo, ambavyo huja kwa anayepungua haraka. Na usicheke, wapime mimba pia. Uzito ukishuka, uzazi hufunguka, na kidonge cha kupanga uzazi kilichotapikwa hakikukingi. Madaktari hushauri kungoja miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba baada ya upasuaji huu, basi uliza njia isiyopitia tumboni.

Dawa za presha: kipimo ulichoandikiwa kilikuwa cha mtu wa kilo 124 anayekula na kunywa. Huyo hayupo tena. Ukiwa umekaukiwa maji, vidonge vile vile vinaweza kuishusha presha ukaanguka katikati ya barabara. Usiviache kwa kujiamulia. Waombe wakupime presha ukiwa umelala, kisha umesimama, waamue wao leo leo.

Na ikiwa wakati wowote utapata homa, moyo ukaenda mbio ukiwa umekaa tu, au maumivu makali ya tumbo yanayopanda hadi bega, usingoje hata kidogo. Hizo ni dalili za tumbo kuvuja pale lilipoungwa, au za usaha ndani.

Sasa chakula, kwa siku utakayoruhusiwa kurudi jikoni. Mtaanza upya kutoka maji, na watakuambia lini usogee hatua. Maji hunywi kwa gilasi. Tafuta kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa, cha mililita 30. Kijaze, weka mbele yako kwenye meza ya duka, kimalize kwa robo saa, kisha kingine. Siku nzima ikienda hivyo unakaribia lita moja na nusu bila kulilazimisha tumbo. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hujanywa. Wakati wa kula huchanganyi na kinywaji. Unakula, unangoja nusu saa, ndipo unakunywa.

Ugali ndio wa mwisho kurudi, mwanangu, pamoja na chapati, mkate laini na nyama kavu. Vinafumbatana kama udongo wa mfinyanzi na kuziba. Jikoni kwetu kuna vingi vinavyopita: ndengu zilizopondwa na kuchujwa maganda, yai lililopikwa laini, maziwa lala, samaki aliyechambuliwa miiba, omena waliosagwa wakatiwa kwenye mchuzi, uji uliopikwa kwa maziwa. Unahitaji protini gramu 60 hivi au zaidi kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, gilasi ya maziwa kama gramu 8, kwa hiyo piga hesabu kama unavyopiga za magunia. Kula kwa kijiko cha chai, dakika 20 hadi 30, na kijiko kinachokuletea mate mdomoni ndicho cha mwisho. Huendelei baada ya hicho hata kama ni mama mkwe amekaa mbele yako.

Vitamini si nyongeza ya anasa. Utazimeza maisha yako yote, na ziandikwe upya kwenye hesabu ya nyumba kama kodi na karo. Mweleze daktari bei inakushinda. Aghalabu kuna aina ya bei nafuu au za kutafuna zisizorudi. Madini ya chuma na kalisi usivimeze pamoja, viachane saa mbili, na chai isikaribie chuma maana inakizuia kuingia mwilini.

Nywele zitatoka mpaka karibu mwezi wa sita kisha zitaanza kuota. Mwili ukipata mshtuko wa upasuaji na njaa huziacha kwanza. Usinunue mafuta ya miujiza. Zinarudi kwa protini na chuma. Ukitaka, suka mistari mepesi isiyovuta.

Nimefika kwenye siri, na hapa ndipo nina ugomvi kidogo nawe, kwa mapenzi. Siri yako imekulisha ugali usiopaswa kula. Imekutundikia dripu isiyokufaa. Imekufanya utapike huku umefungua bomba ili usisikike. Sisemi utangaze. Chama hakina haki na tumbo lako, na yule aliyekushika mkono, mwambie tu asante, nina ratiba ya daktari. Japo nimesikitika kwa ajili yake na kwa ajili yako: miaka hii yote bado mtu akipungua Nairobi tunamhukumu ana virusi, na neno hilo linatumiwa kama aibu, wakati wapo wengi kati yetu wanaoishi navyo vizuri na hawastahili kufanywa tusi la mtu.

Ila watu wa aina mbili ni lazima wajue. Wa kwanza ni kila mhudumu wa afya atakayekugusa kuanzia leo, hata anayekung'oa jino. Wa pili ni baba watoto, na ajue yote, bomba na dumu pamoja. Mtu aliyefunga mkopo wa miaka minne shingoni ili upone, hasira yake haitakuwa kwamba umetapika. Itakuwa kwamba umetapika peke yako.

Mama mkwe unaweza kumwambia nusu, lakini iwe nusu ya kweli. "Mama, nilipasuliwa tumbo la chakula. Limebaki dogo. Ugali unanikwama, na daktari amenikataza kwa miezi." Halafu mpe kazi, maana yule mama anapakulia sahani kubwa kwa sababu hajui njia nyingine ya kukusaidia. Mwombe uji wa maziwa uliochujwa mara mbili. Mwombe aponde ndengu. Sijaona mama wa mashambani aliyepewa kazi ya kupika uji wa mgonjwa akaifanya nusu nusu.

Kuhusu yule daktari asiyeshika simu: mambo yakitulia, baba watoto aende ofisini kwake na barua ya kuomba ripoti ya upasuaji na ya kuruhusiwa kwako. Taarifa hizo ni zako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuzipata. Mpasuaji mwingine atakayekushika atazihitaji: aina ya upasuaji, vipimo, dawa ulizopewa. Ukishapata mwingine anayekusikiliza, baki naye.

Nimeacha sentensi yako ya mwisho si kwa kuisahau. Uliandika kwamba kuna usiku unaomba usiamke. Nimeisoma mara nyingi. Huzuni baada ya upasuaji huu inajulikana. Mwili uko njaa, chakula kilichokuwa kikikufariji hakipo, na mtu anajiona ameuza kitu asichoweza kukinunua tena. Wengine mawazo hayo yanawazidi, ndiyo maana nakuuliza wazi: umewahi kufikiria kujidhuru? Kama ndiyo, sema neno hilo hilo kwa baba watoto na kwa daktari leo hii. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya ushauri nasaha, 1199, haitozwi. Hata kama si hivyo, omba kumwona mshauri nasaha ukiwa bado wodini. Wengi walioko kwenye njia hii humwona, na si kwa sababu wao ni dhaifu.

Duka lako lifungwe siku kadhaa. Mahindi hayaozi kwa wiki moja.

Ukitoka, niandikie. Nataka kujua kamera imeona nini, na kama miguu imeanza kurudi. Na baba watoto akipata nafasi anitumie neno moja tu kuhusu unavyoendelea.